Mrejesho: wale nzi wa kwenye embe

Wakuu habari zenu, ni mimi niliyeuliza kwanini mtego wangu wenye chambo cha methili yujenoli (dawa yenye harufu inayovuta nzi wa matunda) unajaa nzi lakini embe dodo zangu huku Mkuranga bado zina funza. Asanteni sana, kwa kweli mmenisaidia.

Nilimsikiliza yule aliyesema nisinunue dawa kwanza, nimtafute mtu anayewajua nzi wenyewe. Basi nikaweka embe mbovu kwenye ndoo yenye mchanga nikafunika na chandarua, funza wakajichimbia, baadae wakatoka nzi nikawatia kwenye spiriti nikampelekea mtaalamu wa wadudu. Akaangalia kwenye hadubini akaniambia hawa ni aina mbili tofauti! Mmoja mabawa yake ni maangavu, mgongoni ana mistari miwili ya njano na tumboni alama kama T, huyo ni Bactrocera dorsalis mvamizi kutoka Asia. Hata wataalamu alishawachanganya, alivyoonekana Kenya 2003 wakaja kumpa jina jipya 2005, mpaka 2015 ndo wakakubali ni yuleyule wa Asia. Mwingine mabawa yana michirizi, ni Ceratitis cosyra wa hapahapa Afrika, na huyo chambo changu hakimvuti kabisa. Halafu hata kwa mvamizi kinavuta madume tu.

Basi ili niwapate na hao wengine nikaongeza chambo cha protini, na kila asubuhi naokota embe zilizodondoka nazifungia kwenye mfuko mweusi juani. Dodo za mwanzo zimepona nyingi, ila za mwisho wa msimu karibu nusu zimeharibika, nilichelewa kuanza.