Naomba ushauri: siku tatu Kigoma mjini na watoto wadogo, tuanzie wapi?

Mama Watatu wa Isevya

Habari zenu wana Kigoma na wote mliowahi kufika huko mwisho wa reli. Sisi tuko Tabora, likizo fupi ya mwezi wa tisa mimi na mume wangu tunataka kuwapeleka watoto Kigoma siku tatu tu. Mkubwa wa kiume ana miaka 7, huyu ukimwambia meli au treni halali. Wa pili binti wa miaka 4, akitembea kidogo tu anataka mgongo. Mdogo ana mwaka na nusu bado ananyonya. Gari hatuna.

Ratiba niliyoandika ni hivi: siku ya kwanza stesheni, bandarini kuona meli ya zamani Liemba, mchana Ujiji kwa Livingstone, jioni ufukweni. Siku ya pili Gombe kuona sokwe kwenda na kurudi. Siku ya tatu soko la Mwanga, Kibirizi, kuogelea halafu tuanze kurudi. Mume wangu kaisoma akasema hii ni ratiba ya watu wazima wasio na mizigo, mie naona tukishalipa nauli za watu wote hawa tusirudi hatujaona kitu. Gombe na mtoto wa mwaka na nusu inawezekana kweli? Na ziwa lenyewe naliogopa, wanangu maji mengi waliyowahi kuona ni bwawa la Igombe basi. Treni au basi? Nisaidieni jamani.

Binti wa Gungu

Karibuni sana Kigoma dada. Shemeji yuko sahihi kwenye hiyo ratiba, nakwambia kama mama mwenzio. Hapo umeweka vitu vitatu vinne kwa siku na kila kimoja kina kupanda na kushuka, huu mji ni wa vilima, kutoka kule chini stesheni mpaka Mwanga ni mlima, kigari cha mtoto usibebe kabisa, beba khanga mbili za kubebea na mume naye abebe.

Mimi ningefanya kitu kimoja kikubwa asubuhi, saa sita mnarudi mnakula watoto wanalala, saa kumi mnatoka tena mnaenda ziwani kukaa tu. Kukaa tu dada. Mtoto wa miaka 4 hajali kama ameona sehemu ngapi, mpe mchanga na kikopo atacheza mpaka umlazimishe kuondoka. Halafu huku jua linachelewa, linazama karibu na saa moja, kwahiyo jioni mna muda mwingi kuliko mnavyofikiri, na likizama linazamia upande wa Kongo nyuma ya ile milima, maji yote yanakuwa rangi ya mawese.

Gesti tafuta ya mjini chini au ya njia ya Bangwe ili ziwa liwe karibu, na kabla ya kulipa ingia chumbani uangalie chandarua kama ni kizima. Mbu wapo na malaria ipo.

Msafiri 255

Natofautiana kidogo na dada hapo juu. Mtu akija Kigoma asiende Gombe amekuja kufanya nini? Pale ndipo Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, alipofikia mwaka 1960 akiwa na miaka 26 tu, dunia nzima imejifunza habari za sokwe kutokea kwenye ule msitu mdogo. Mie nilikwenda na washkaji tukawaona sokwe karibu kabisa, sitasahau. Mkuu nenda, utapata wapi nafasi tena.

Nahodha wa Kibirizi

Kaka Msafiri umeenda na watu wazima, huyu dada ana kichanga. Ngoja niseme mimi ambaye hayo maji ndio ofisi yangu.

Gombe ni kwa boti, barabara hakuna. Hizi boti za abiria zinazotoka hapa Kibirizi zinasimama kila kijiji, zimejaa watu, mbuzi, magunia, na jua linakupiga kichwani. Ukifika sasa sokwe hawakusubiri getini, mnapanda milima na muongozaji kuwafuata huko waliko. Watoto wadogo hata hawaruhusiwi kwenda kuwafuata, na sababu ni ya msingi sana, sokwe wanashika magonjwa yetu, mafua ya mtoto ambayo wewe unayaona ya kawaida yakimpata sokwe yanaweza kuua na kusambaa kwenye kundi zima. Na mtoto gani wa miaka 4 hana kamasi. Kwahiyo mtalipa pesa nyingi halafu mama abaki ufukweni na watoto. Gombe haihami dada, ipo tangu iwe hifadhi ya taifa mwaka 1968, wasubirini wakue muende wote.

Kuhusu kuogopa maji, endelea kuogopa, inasaidia. Ziwa Tanganyika kina chake kinafika mita 1,470, na sehemu nyingi kinaanza kushuka karibu na ufukwe, unapiga hatua kadhaa maji ya magoti unajikuta hugusi chini. Mtoto awe ndani ya urefu wa mkono wako, sio "namuona kutoka hapa". Usiingie sehemu yenye majani na matope, hapo ndipo konokono wa kichocho wanapokaa, na midomo ya mito kaa mbali kwa sababu ya mamba. Sehemu ambayo wenyeji hawaogi na wewe usioge, uliza kwanza. Kwa familia ufukwe wa Jakobsen unafaa, mnapita njia ya Katonga, kuna kiingilio, kuna mchanga na kivuli, maji mpaka unaona mawe chini na visamaki vinapita. Ila mkishukia njiani kuna kipande cha kutembea, kwa hao watoto chukueni bajaji iwafikishe na mpatane awafuate saa ngapi.

Nendeni asubuhi. Mchana upepo ukianza ziwa linachafuka na mawimbi ya hapa sio ya mchezo.

Mkitaka kupanda boti kidogo ili kijana afurahi, hapo hapo ndani ya ghuba inatosha, asubuhi. Jambo moja tu nisisitize: laifu jaketi ya mtoto. Boti nyingi zina za watu wazima, ukimvalisha mtoto akianguka majini jaketi linabaki juu yeye anachomoka chini. Mvalishe, funga mikanda yote, halafu shika mabega ya jaketi uvute juu. Likipanda mpaka masikioni halimfai, msipande. Nahodha akikwambia "hamna shida mama hapa ni karibu" shuka, tafuta mwingine.

Mama Watatu wa Isevya

Asante sana kaka Nahodha, hiyo ya kuvuta jaketi sikuwahi kuisikia. Gombe nimeifuta. Sasa Ujiji je, watoto wataelewa kitu pale au ni nyumba ya picha tu?

Ticha wa Ujiji

Mama, Ujiji usiifute. Daladala zipo muda wote zinapitia Mwanga, sio safari ndefu. Pale kwenye makumbusho kuna mnara, kuna miembe ambayo ni uzao wa ule mwembe wa zamani ambao inasemekana mwandishi wa habari Stanley alimkuta mvumbuzi Livingstone chini yake mwaka 1871, na ndani kuna sanamu za hao wawili wakisalimiana, kubwa, watoto wanazipenda.

Ila wanafunzi wangu mimi siwaambii tu habari ya wazungu wawili kusalimiana, maana hapo mtoto anauliza "halafu?" na ana haki. Nyie mna bahati mnatokea Tabora. Kabla ya safari wapelekeni Kwihara kwenye lile tembe la Livingstone, ni hapo hapo jirani na mjini kwenu. Mwambie kijana: huyu mzee aliyekaa Kwihara, ndiye aliyekutwa Ujiji akiwa mgonjwa na vitu vyake vimeuzwa, wakasafiri yeye na Stanley kutoka huku mpaka kwenu, sehemu kubwa kwa miguu, Machi 1872 Stanley akarudi kwao mzee akabaki. Mwaka uliofuata akafa mbali huko ambako leo ni Zambia, na wasaidizi wake akina Susi na Chuma wakaubeba mwili wake mpaka Bagamoyo wakipita tena Kwihara. Halafu mkiwa kwenye treni mwambie njia hii tunayopita ndio upande ule ule waliopita kwa miguu. Utaona atakavyotulia dirishani.

Na njia hiyo hiyo ya Ujiji, Tabora mpaka Bagamoyo ndio walipitishwa watumwa na pembe za ndovu. Mtoto wa miaka 7 anaweza kuambiwa hilo kwa upole, watu walichukuliwa kwao kwa nguvu wakatembezwa wamefungwa. Mimi huwa nawaambia na wanaelewa kuliko sisi tunavyodhani. Usimfiche mwanao, hii ni njia yake.

Saa moja inatosha mkitulia. Kisha shukeni kule ziwani upande wa mafundi wanaotengeneza mitumbwi, muombe ruhusa, mkae pembeni. Kuna fundi anaziba nafasi kati ya mbao, anasokota pamba anaipachika kwa patasi na nyundo, tok tok tok, anasogea kidogo, tok tok tok. Wanangu wakifika hapo hawaulizi habari ya kuondoka.

Mstaafu wa Reli

Mwanangu, njooni na treni. Na watoto watatu ndani ya basi utaumia mgongo, kwenye treni mtoto anasimama, anatembea, anajisaidia, analala. Kateni mapema tiketi za behewa la kulala, na kama pesa inaruhusu chukueni chumba kizima mfunge mlango wenu, watoto vitanda vya chini, kile cha juu baba. Maji ya kunywa bebeni ya kutosha, tochi, nguo nzito maana usiku dirishani kuna baridi, na chakula cha mdogo. Vituoni, Urambo, Kaliua, Uvinza, wauzaji wanakuja madirishani lakini treni ikichelewa mnaweza kufika kituo usiku mkakuta kimya. Na kwenye ratiba yenu siku ya kwanza msiiwekee kitu cha asubuhi, treni inaweza kuchelewa.

Mkishuka Kigoma msikimbilie bajaji. Ile stesheni yenyewe ni ya kutazama, Wajerumani waliijenga, reli ilifika hapa mwaka 1914. Mwambie mjukuu wangu ageuke aangalie reli inavyoishia. Halafu mpe hadithi ya Liemba. Ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa yote ikapakiwa kwenye makreti kama 5,000, ikavuka bahari mpaka Dar, ikapanda reli hii hii mpaka hapa ndipo ikaunganishwa upya. Mwaka 1916 Wajerumani walipoona wanashindwa vita wakaizamisha wenyewe, lakini mafundi wake waliipaka injini grisi kwanza wakijua iko siku itatolewa. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina hili la Liemba. Mtu aliyeipaka grisi meli anayoizamisha, huyo ni fundi anayependa kazi yake.

Bandarini msiingie kiholela na watoto, kuna magari ya mizigo na pia ni mpaka wa nchi, ulizeni getini kwanza. Wakikataa, pandeni sehemu ya juu mjini mtaiona ghuba yote.

Binti wa Gungu

Shikamoo mzee, umenifundisha na mimi niliyezaliwa hapa hapa.

Dada jingine nililosahau, usiku waonyeshe taa za dagaa. Wavuvi wakiingia ziwani na taa zao ukiwa sehemu ya juu unaona kama kuna mji mwingine kule majini. Binti yako ataongea hiyo mwezi mzima.

Nahodha wa Kibirizi

Sahihi, ila aangalie mwezi. Dagaa wanavuliwa giza, wanafuata taa, mwezi ukiwa mpevu wavuvi wengi wanapumzika na ziwa linakuwa tupu. Chagueni tarehe mwezi ukiwa mwembamba. Na vizuri mnakuja mwezi wa tisa, maana mwaka 2024 uvuvi ulifungwa Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaane, mtu aliyekuja kipindi kile hakuona taa hata moja.

Asubuhi yake njooni Kibirizi mapema muone dagaa wanavyoanikwa. Watoto wavae viatu vilivyofunika, chini kuna ndoano na vipande vya nyavu.

Msafiri 255

Nimesoma yote, nafuta kauli yangu ya Gombe kwa hao watoto. Chakula tu niongezee, wadogo wapeni samaki aina ya kuhe au sangala, nyama nene miba inaonekana. Migebuka mitamu lakini mchambulie mwenyewe.

Mama Watatu wa Isevya

Shikamoo mzee wetu, na asanteni wote, sijui niseme nini. Nimeandika upya: siku ya kufika stesheni na kulala, jioni ziwani. Siku ya pili asubuhi Ujiji na mafundi mitumbwi, jioni hakuna kitu, usiku taa. Siku ya tatu Kibirizi mapema halafu Jakobsen kabla ya upepo. Kwihara tunakwenda Jumamosi hii, kijana ameshaanza kuuliza Susi na Chuma walikuwa na miaka mingapi. Mume wangu ameuliza swali moja, dagaa wa kurudi nao tununue Kibirizi au Mwanga?

Nahodha wa Kibirizi

Kibirizi, siku ya mwisho, wakavu kabisa. Chukua wachache uvunje, wakikatika kwa mlio wamekauka, wakipinda bado wana maji wataoza njiani. Na uangalie chini ya gunia sio juu tu, mchanga unakaa chini.

Binti wa Gungu

Na mawese chukua Mwanga sokoni, dumu lifunge na nailoni mbili, ukilisahau wazi kwenye treni utafua nguo za watu wote.