Wajukuu wanataka kunipeleka kuteleza barafuni Toronto, niende?

BiWaShela_Malindi: Asalaam aleikum wanajamvi. Desemba, inshaallah, naenda Toronto kwa mwanangu. Wajukuu wameshapanga: lazima nyanya ateleze nao pale Nathan Phillips Square, mbele ya jumba la baraza la jiji. Mimi barafu naijua ya kwenye juisi ya ukwaju. Nina miaka 54, magoti mazima, mwili umejaa kidogo. Hofu yangu ni kuanguka, na mavazi. Buibui na vile visu vya viatu vitaelewana? Na kiingilio je? Mwanangu kila nikimuuliza bei ananiambia "mama, wewe njoo tu."

Mpate_Halisi: Kaa kando na chai yako uwapige picha. Nimemaliza.

MlamuUghaibuni: Wa aleikum salaam, shikamoo mama. Huyo wa juu muache. Mimi ni wa Langoni, naishi hukuhuku Toronto. Kuingia pale ni bure, uwanja ni wa jiji. Utalipia kukodi viatu, na helmeti ukiitaka. Itake. Barafu yenyewe usiihofie kuyeyuka jua likitoka, chini yake mna mabomba ya kuipoza.

Viatu ndipo watu wetu wanapoumia. Wanavaa soksi tatu wakitafuta joto, mguu unacheza ndani, kifundo kinapinda. Soksi moja ndefu yatosha. Kiatu kikubane, kamba zikazwe hasa pale kwenye kifundo.

Buibui siku hiyo liache nyumbani. Upindo ukinaswa na kisu, unakwenda chini wewe na mjukuu uliyemshika. Vaa suruali pana, koti la kufika magotini, hijabu ya kuvaa kwa kuvuta isiyo na ncha za kuning'inia, na glavu. Stara ipo palepale. Nenda asubuhi siku ya kazi, maana wikendi jioni vijana wanapita kama bodaboda. Halafu Desemba magharibi huku huingia kama saa kumi na moja kasorobo, usije ukapitwa na alasiri ukiwa kwenye foleni ya viatu.

BiWaShela_Malindi: Marahaba mwanangu. Lakini siku za kazi si wako shule?

MlamuUghaibuni: Wiki ya mwisho ya Desemba shule zimefungwa. Fikeni mapema tu.

Muuguzi_Ganda: Dada, kwa umri wetu mifupa si ile ya zamani, na anayeanguka hutanguliza kiganja, hapo ndipo mkono unapovunjika. Tembea umekunja magoti kidogo, usijikaze. Ukihisi unakwenda, chuchumaa ujiangushe upande, ufikie paja. Ukiwa chini kunja ngumi, kisu cha mtu kisipite vidoleni. Na kama una sukari na miguu inakufa ganzi, muone daktari kwanza.

Kijana_Casuarina: Nyanya, si utapandia ndege Nairobi? Kuna uwanja wa barafu pale Panari, Mombasa Road, ulifunguliwa 2005. Piga simu kwanza uulize kama wanapokea watu siku hizo, ukajaribu ukiwa bado nyumbani.

BiWaShela_Malindi: Nairobi nina masaa machache, niwe nateleza na mabegi? Ahsanteni nyote, nitakwenda. Ila helmeti inakaa juu ya hijabu?

MlamuUghaibuni: Inakaa. Chagua hijabu nyembamba, na pini usitie hata moja.