Wakikufungia garini mpaka utaje namba ya siri: wanyongwe, au sheria ibadilishwe?

Msafiri wa Kasarani
Naomba tujadiliane kwa heshima. Kifungu cha 296(2) cha Sheria ya Adhabu ya Kenya kinasema mwizi wa mabavu ahukumiwe kifo. Wako wanaotaka hukumu hiyo ifutwe, na mimi nilikuwa mmoja wao hadi Machi mwaka jana.

Nilipanda gari dogo pale Ngara saa tatu na nusu usiku, mvua inanyesha, matatu zimekatika. Nyuma kulikuwa na wanaume wawili. Mmoja alishuka akanipisha niingie katikati. Tulipopita Pangani, yule wa kulia akanizungushia mkono shingoni taratibu, kama tunajuana, akasema, "Aunty, usipige kelele." Wakachukua simu. Nikawapa namba ya siri ya uongo, nikala ngumi ya mbavu. Nikawapa ya kweli.

Mimi ni mweka hazina wa chama chetu cha kuweka akiba, wanawake kumi na wanne, na pesa zilikuwa benki, ambako kuna kiwango cha kuhamisha kwa siku. Walipofika kwenye kiwango hawakuniachilia. Tulizungukazunguka hadi saa sita ikapita, siku mpya ikaanza, wakahamisha tena. Nilitupwa karibu na Ruai saa nane usiku, kiatu kimoja.

Kituoni afisa aliniuliza, "Namba uliitaja wewe mwenyewe?" Akaandika. Wawili walishikwa, na hati ya mashtaka inasema wizi. Wizi tu. Naomba maoni: mtu aliyenifanyia hivi anastahili nini?

Mzee wa Kaloleni
Pole sana, mwanangu. Jibu langu ni fupi: kamba. Sisi tulioishi jiji hili enzi za majambazi Wanugu na Rasta tunajua jambazi haelewi lugha nyingine. Lakini nawe, binti, gari lisilo na sacco, yaani ushirika wa wenye magari ya abiria, usiku, peke yako katikati ya wanaume? Mtu hujichunga kwanza, ndipo serikali imchunge.

Msafiri wa Kasarani
Mzee wangu, nakuheshimu, lakini hapo umenichoma. Nilikuwa natoka kazini. Natoka saa tatu kila siku ya Mungu kwa sababu mwajiri wangu anafunga duka saa tatu. Hiyo kauli ya "ulikuwa unafanya nini huko" nimeisikia kituoni, nimeisikia kwenye mkutano wa chama, na shemeji yangu ameisema mbele ya watoto wangu. Wale wawili walikuwa kazini pia usiku ule, na hakuna aliyewauliza.

Dereva wa Usiku
Na sisi wa magari madogo tusitiwe wote kapu moja. Mimi nabeba watu Ngara hadi Mwiki miaka sita sasa. Matatu zikilala, nani anawafikisha nyumbani wauguzi, walinzi, akina mama wa Muthurwa? Mzee ukiandika "gari lisilo na sacco" unaninyima ugali.

Mzee wa Kaloleni
Dereva, sijakutaja. Ukijiona ndani ya maneno yangu, hiyo ni juu yako.

Dereva wa Usiku
Umetaja kazi yangu, mzee. Ni mimi huyo.

Karani wa Makadara
Turudi kwenye swali la dada. Nimekaa mahakamani miaka mingi nikibeba faili, na kuna jambo watu hawalijui. Wizi wa kawaida ni kifungu cha 275, miaka 3. Kudai mali kwa vitisho, 302, miaka 5. Kumteka mtu kwa nia ya kumfungia mahali pa siri, 259, miaka 7. Unyang'anyi wa kifungu cha 296(1), miaka 14. Ukifika 296(2), ni kifo. Tendo la usiku ule wa Machi unaweza kulivika nguo yoyote kati ya hizo, na anayechagua nguo ni anayeandika hati ya mashtaka. Kati ya miaka 3 na kitanzi kuna kalamu ya mtu mmoja. Hapo ndipo mikono hupakwa mafuta, kabla hakimu hajaona faili.

Na kuhusu "namba uliitaja mwenyewe": ridhaa iliyotolewa shingo ikiwa imekabwa si ridhaa. Hilo afisa alipaswa kulijua.

Kijana wa Dandora
Karani, waambie kilichoandikwa kwenye 296(2). Kinasema: ukiwa na silaha, AU ukiwa na mwenzako mmoja au zaidi, AU ukimpiga mtu. Hiyo "au" ndiyo iliyommeza kaka yangu. Walikuwa wawili, mikono mitupu. Walimtisha mtu wakamnyang'anya simu na shilingi mia nane. Kwa kuwa walikuwa wawili, kifo. Alihukumiwa 2015, rufaa ikatupwa, 2016 Rais Uhuru akabadilisha hukumu za kifo zikawa maisha, na yeye yumo. Mama yetu huenda gereza la Kamiti kila mwezi na sabuni na mafuta ya kujipaka. Mzee wa Kaloleni anayesema "kamba", aje ampe mama hiyo kamba mkononi.

Halafu Mahakama ya Juu ilishasema 2017 hukumu ya kifo ya lazima ni kinyume cha Katiba. Mbona watu wanabishana juu ya maiti?

Karani wa Makadara
Kijana, pole kwa ya kaka. Lakini hiyo ya 2017, kesi ya Muruatetu, ilihusu mauaji, kifungu cha 204. Wafungwa wa wizi wa mabavu walikimbilia mahakamani nayo, wengine wakapunguziwa. Julai 2021 Mahakama ya Juu ikatoa mwongozo ikasema wazi: uamuzi wetu ni wa mauaji peke yake, wengine walete kesi zao. Ndiyo maana kaka yako hajaguswa nao.

Na mzee, tangu 1987 Kenya haijanyonga mtu. Rais Kibaki alibadilisha hukumu za zaidi ya watu 4,000 mwaka 2009, Uhuru 2,747 mwaka 2016, na Ruto akafuata 2023. Hata huyo Wanugu uliyemtaja alikufa kwa risasi za polisi. Kitanzi hakikumgusa.

Mzee wa Kaloleni
Najua alikufaje. Nilikuwa mtu mzima. Na kijana, usinipe mama yako nimbebe. Mimi nina jirani aliyekatwa mkono kwa panga mlangoni pake Jericho, amebaki na mmoja, fundi cherehani huyo. Yeye huenda wapi na sabuni?

Msafiri wa Kasarani
Kijana wa Dandora, nimesoma uliyoandika mara mbili. Umetaja simu, mia nane, mama yako na kaka yako. Aliyenyang'anywa hukumtaja hata kwa neno moja zaidi ya "mtu". Nami niko hivyo kwenye familia za wale wawili, najua. Dada ya mmoja wao alinisimamisha kwenye ngazi za mahakama akaniambia, "Si pesa mtarudishiwa?" Mpaka leo nikiguswa shingo na mwanangu akinikumbatia kwa nyuma, naruka.

Kijana wa Dandora
Alikuwa kijana wa rika letu. Alikuwa anapeleka hiyo mia nane kwa nyanya yake, alisema hivyo kizimbani. Sijasahau, dada. Sikuandika kwa kuwa naona aibu.

Mama Pacha
Mnisamehe kuingilia. Mnasema kumfungia mtu hadi atoe pesa ni ujambazi wa kunyongwa. Mimi nilifungiwa siku 19 na watoto wangu wawili, mchana kweupe, na aliyenifungia alikuwa na mhuri na koti jeupe. Hospitali. Bili ilinishinda baada ya upasuaji. Karatasi ya kuruhusiwa iliandikwa siku ya nne, lakini askari wa getini hakupitishi bila muhuri wa kaunta ya malipo. Na kila siku niliyozuiliwa, kitanda kiliendelea kulipishwa. Nilidaiwa pesa za kitanda nilichokatazwa kuondoka. Tulilala wawili kwa kitanda kimoja, mimi na mama mwingine, watoto watatu katikati. Hao mbona hamwaiti majambazi?

Nesi wa Zamu
Mama, mimi ni muuguzi, na hilo neno jambazi silikubali hata kidogo. Nilikesha na watu kama wewe, nikawafuta damu, nikawabebea watoto. Mshahara wangu ukichelewa miezi miwili ni kwa sababu bili hazikulipwa. Sisi ndio tunaotukanwa getini, na hatukuandika hiyo sera. Kumlinganisha muuguzi na mtu anayekaba watu Pangani ni dhambi.

Mama Pacha
Sijamtaja muuguzi. Nimesema hospitali. Lakini ni muuguzi aliyekuja kila asubuhi kuhesabu vitanda akiita jina langu, kisha anasema kwa sauti wodi nzima isikie, "Wewe bado?"

Dereva wa Usiku
Hapo Mama Pacha amegonga. Na wenye nyumba wanaobandika kufuli yao juu ya yako kodi ikichelewa siku tano? Umetoka kazini, sufuria zako ndani, dawa za mtoto ndani.

Mzee wa Kaloleni
Mwenye nyumba anadai chake! Nina vyumba sita, nimevijenga kwa jasho la reli. Mpangaji anakula miezi mitatu, kisha anahama usiku na balbu. Leo mimi ndiye jambazi?

Karani wa Makadara
Mzee, taratibu. Sheria ya kukamata mali ya mpangaji kwa kodi ipo, Sura ya 293, na inampa kazi dalali mwenye leseni. Haikupi wewe kufuli.

Kuhusu hospitali, Mama Pacha ameuliza swali la kisheria hasa. Kifungu cha 8 kinasema mtu anayeshika mali akiamini kwa dhati ni haki yake, bila nia ya kudanganya, hana kosa la wizi. Hospitali inadai deni la kweli, kwa hiyo si mnyang'anyi. Lakini kifungu hicho kinahusu makosa ya mali. Mwili wa Mama Pacha si mali. Kumzuilia mtu isivyo halali ni kosa lake peke yake, kifungu cha 263. Na Mahakama Kuu ilishaamua 2015, kesi ya akina mama wawili waliozuiliwa Pumwani baada ya kujifungua: haki zao zilivunjwa, walipwe fidia. Deni hudaiwa kwa kesi ya madai.

Nesi wa Zamu
Na hiyo 263 adhabu yake ni nini?

Karani wa Makadara
Mwaka 1 au faini.

Kijana wa Dandora
Mwaka mmoja au faini. Siku 19, watoto wawili, mwaka mmoja au faini, na sijasikia mkurugenzi hata mmoja akipandishwa kizimbani. Kaka yangu, dakika mbili kando ya barabara, kifo.

Nesi wa Zamu
Kijana, usimtumie Mama Pacha kumsafisha kaka yako.

Mama Pacha
Anitumie. Mimi mwenyewe nimejileta.

Nesi wa Zamu
Basi niambieni: mgonjwa akitoka bila kulipa, wa kesho atapata dawa gani? Nimewahi kutuma familia ikanunue glavu nje kwa sababu stoo ilikuwa tupu. Mnataka geti lifunguliwe, sawa. Nani analipa?

Dereva wa Usiku
Kwani mama aliyekaa siku 19 akidaiwa kitanda alilipa?

Mama Pacha
Nililipa. Kaka zangu waliuza ng'ombe wawili Mbooni. Bili ilikuwa imepanda karibu mara mbili ya siku ya nne. Ng'ombe mmoja angetosha.

Msafiri wa Kasarani
Mama Pacha, mimi nilizungushwa hadi saa sita ipite ili siku mpya ilete pesa mpya, nawe ulilazwa kila usiku mpya ulete deni jipya. Nimeguswa mno. Lakini naomba nirudi kwa Karani, kwa sababu kesi yangu inatajwa Alhamisi.

Hati inasema wizi. Hakuna mahali pameandikwa kwamba nilifungiwa, na ile ngumi haimo. Mwendesha mashtaka aliniambia nimshukuru Mungu angalau kuna kesi. Naweza kuomba hati ibadilishwe?

Karani wa Makadara
Inaweza kubadilishwa. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, kifungu cha 214, inairuhusu mahakama kurekebisha mashtaka wakati wowote kabla upande wa mashtaka haujafunga ushahidi. Washtakiwa watasomewa upya na kujibu upya. Mwandikie mwendesha mashtaka barua kabla ya Alhamisi, ambatisha nakala ya P3, ile fomu ya polisi inayojazwa na daktari, inayoonyesha mbavu, namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio kituoni, na taarifa ya benki yenye saa za kila muamala. Saa hizo ndizo shahidi wako: muamala wa saa nne, kisha wa saa sita na dakika chache. Mtu aliyeibiwa simu tu hangekuwa bado nayo garini. Lakini uelewe, dada. Ukisema walikuwa wawili na walikupiga, umeshafika 296(2). Hakimu hana pa kupenya.

Mzee wa Kaloleni
Andika, mwanangu. Yote kama yalivyokuwa.

Kijana wa Dandora
Dada, sitakwambia usiandike. Nakwambia tu kwamba yule aliyenyang'anywa na kaka yangu naye aliandika yaliyotokea, yote ya kweli, na siku ya hukumu alilia kuliko mama.

Msafiri wa Kasarani
P3 ninayo. Taarifa ya benki naenda kuichukua kesho wakifungua. Nitaandika kwamba nilifungiwa, na saa zote, na ile ngumi. Hiyo 259 ya miaka 7 nitaitaja kwa jina. Ile nyingine sijui kama mkono wangu utaiandika. Karani, nikiomba moja niache nyingine, wataniskiza?

Karani wa Makadara
Kuomba unaweza. Kuamua ni kwao.

Nesi wa Zamu
Mama Pacha, hukunijibu. Nani analipa?

Mama Pacha
Nawe hukunijibu. Siku ya nne, geti lingefunguliwa, ningedaiwa nikiwa nyumbani. Ungepoteza nini?