Naomba ushauri: Java kwenda Db2 ya meinfremu, tupite seva ya kati au moja kwa moja?

Wakuu, habari za kazi. Niko Arusha, timu yetu inamwandikia mteja wa Ulaya programu za Java zinazosoma Db2 (hifadhidata ya IBM) kwenye z/OS, mfumo endeshi wa meinfremu. Sasa hivi kila kitu kinapita seva ya kati ya Db2 Connect, programu ya IBM ya kuunganisha na Db2 ya meinfremu. Juzi saa nne asubuhi ikazima, skrini zote zikaganda, na Db2 yenyewe ilikuwa nzima kabisa! Iliniuma.

Nataka tutumie draiva ya JDBC (njia ya Java kuongea na hifadhidata) aina ya 4, inayoongea DRDA, itifaki ya kufikia hifadhidata za mbali, yenyewe kupitia TCP/IP. Leseni ya Db2 Connect bado itahitajika, najua. Hofu yangu ni idadi ya miunganisho: MAXDBAT yao (kikomo cha nyuzi za Db2 zinazohudumia miunganisho ya mbali kwa wakati mmoja) ni 200, nasi tuna seva sita za programu. Mliohama, CMTSTAT ikiwa INACTIVE (mpangilio wa Db2 unaoachilia uzi baada ya commit) inatosha, au lazima nibane puli za miunganisho za kila seva?