Je, chama kidogo cha walaji kiingie katika masuala ya ushuru wa forodha na ushindani, au kibaki na malalamiko ya wanachama?

Mwanzisha mada

Ndugu wachangiaji, salamu kwenu.

Mimi ni katibu wa chama kidogo cha kutetea walaji. Kwa muda mrefu kazi yetu imekuwa moja. Mtu anakuja na kifaa alichouziwa kikiwa kibovu, au bili ya maji iliyopanda mara tatu bila maelezo, au mkopo wa simu wenye tozo ambazo hakuambiwa wakati anakopa, nasi tunaandika barua, tunamwita muuzaji au mtoa huduma, tunasuluhisha. Ni kazi isiyo na makeke, lakini mtu huingia mlangoni amekunja uso na mara nyingi huondoka ameridhika, na ndiyo iliyotupatia wanachama.

Sasa tumepokea barua mbili kwa mpigo. Ya kwanza inatoka wizara inayoshughulikia biashara, ikituomba maoni kuhusu pendekezo la kupandisha ushuru wa forodha kwa bidhaa moja ya chakula ili kuvilinda viwanda vya ndani. Ya pili inatoka mamlaka ya ushindani, nayo inataka kujua tunauonaje muungano wa kampuni mbili ambazo zikiwa kitu kimoja zitashika sehemu kubwa ya soko la bidhaa hiyo hiyo.

Kamati yetu ya utendaji imegawanyika. Wapo wanaosema mshika mawili moja humponyoka, na kwamba mambo hayo yanahitaji wachumi na wanasheria ambao hatunao. Wapo wanaosema malalamiko hayapungui kwa sababu tunachota maji chomboni huku tundu tukiliacha wazi. Binafsi ninaegemea upande wa pili, ila nakiri kwamba sijui mahali pa kuanzia. Je, kazi hii ni yetu kweli? Na kama ni yetu, chama kisicho na wataalamu kinaweza kusema nini mbele ya mamlaka hizo kikasikilizwa?

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu katibu, kwa miaka kadhaa nimekaa upande wa walaji katika vikao vya kupanga bei za huduma, kwa hiyo nitajibu kwa yale niliyoyaona.

Kuhusu kama kazi ni yenu, jibu lilikwisha kutolewa. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya Kumlinda Mlaji, iliyopitishwa na Baraza Kuu mwaka 1985, ikapanuliwa mwaka 1999 na kurekebishwa tena mwaka 2015, haiishii kwenye bidhaa mbovu. Miongoni mwa malengo yake ni kuwepo kwa mazingira ya soko yanayompa mlaji uchaguzi mpana zaidi kwa bei nafuu zaidi, na hapo tayari mmeshaingia kwenye ushindani na biashara ya kimataifa. Msione haya kuitaja miongozo hiyo katika barua yenu ya majibu.

Swali lenu la pili ndilo lenye uzito. Msidhani kwamba mna kazi mbili. Mna kazi moja yenye daftari moja, na kila kitu kinategemea namna mnavyolitunza daftari hilo. Lalamiko likisuluhishwa na karatasi yake ikatupwa, mmemsaidia mtu mmoja. Likiandikwa pamoja na tarehe, bidhaa, bei, muuzaji, eneo na namna lilivyokwisha, baada ya muda mnakuwa na hazina ambayo hata mdhibiti mwenyewe, yaani mamlaka inayoidhinisha bei za huduma, hana.

Nitatoa mfano mmoja. Mtoa huduma wa maji aliomba kupandisha bei. Ombi lake lilikuwa kitabu kinene kilichojaa majedwali, nasi tulipewa siku chache za kulisoma. Tulikuwa na mzee mmoja wa kujitolea, mtunza hesabu mstaafu, ambaye hakuomba kitu kingine isipokuwa nakala ya ombi lililotangulia. Aliziweka nakala mbili mezani sambamba, akashika rula, akawa anateremka mstari kwa mstari. Jioni ya pili alituita. Gharama ya kubadilisha mabomba ya eneo moja, kwa urefu ule ule, ilikuwa imeombwa na kukubaliwa katika ombi la zamani, na sasa ilikuwa imerudi tena. Tukafungua daftari la malalamiko, tukakuta wateja wa eneo hilo bado wanalalamikia mabomba yanayopasuka. Kwa maneno mengine, watu walikuwa wamekwisha kulipia mabomba ambayo hayajafika ardhini.

Siku ya kikao hatukubishana kuhusu nadharia za uchumi na mawakili wa upande wa pili. Tulisoma mistari miwili na malalamiko kumi na moja, tukaketi. Mdhibiti aliagiza ushahidi wa malipo uletwe, na gharama hiyo ikaondolewa kwenye hesabu hadi uthibitisho utakapopatikana. Bei ilipanda, lakini kwa kiasi kidogo kuliko kilichoombwa, na sehemu iliyookolewa ililipwa na rula ya yule mzee.

Hata mashirika makubwa ya kazi hii yalianzia chini. Shirika la CUTS lilianza mwaka 1983 huko Jaipur, nchini India, likijulikana kwa gazeti lake la ukutani lililosomwa vijijini katika jimbo la Rajasthan. Kuanzia mwaka 2000 shirika hilo liliongoza utafiti wa kulinganisha sheria za ushindani katika nchi saba, yaani India, Pakistan, Sri Lanka, Kenya, Tanzania, Zambia na Afrika Kusini. Hakuna aliyelidai shirika hilo shahada ya uchumi kabla halijabandika gazeti ukutani.

Mchangiaji wa pili

Nakubaliana na mwenzangu kuhusu daftari, lakini naomba niweke tahadhari kuhusu barua ya ushuru, kwa sababu naona hapo ndipo vyama vya walaji hujikwaa.

Mazoea ni kusema kwamba ushuru ukishuka bei itashuka, na kwa hiyo mtetezi wa walaji apinge ushuru kila unapotajwa. Katika nchi zinazoendelea jambo hilo si jepesi kiasi hicho. Mlaji wetu ni mkulima asubuhi, kibarua mchana na mnunuzi jioni. Akipoteza kibarua, bei nafuu haimsaidii. Tena ushuru unaweza kupunguzwa na bei isitikisike hata kidogo, iwapo wanaoingiza bidhaa ni wawili au watatu wanaoelewana, kwa kuwa nafuu yote hubaki mikononi mwao. Ndiyo maana barua zenu mbili, ndugu katibu, kwa kweli ni barua moja. Hamwezi kuijibu wizara kuhusu ushuru kabla hamjajua ni nani watabaki sokoni baada ya muungano ule. Ushuru ukipanda na kampuni hizo zikaungana ndani ya kipindi hicho hicho, bidhaa ya nje itakuwa imefungiwa mlango na mshindani wa ndani atakuwa ametoweka, na mnunuzi hatakuwa na pa kukimbilia. Hilo ndilo la kuandika, tena kwa mamlaka zote mbili, kila moja ikipewa nakala ya barua ya mwenzake.

Pili, jifunzeni kuuliza ni nani analalamika. Kuna kisa cha magadi, yale yanayotumika kutengenezea kioo na sabuni. Kwa miaka mingi wazalishaji wa Marekani walikuwa wakiuza magadi nje kwa pamoja kupitia chombo kimoja kiitwacho ANSAC, na sheria ya nchi yao ya mwaka 1918 inaruhusu umoja wa namna hiyo kwa mauzo ya nje. Kile ambacho kingekuwa kosa wakimfanyia mnunuzi wa kwao, wanaruhusiwa kumfanyia mnunuzi wa nchi nyingine. Katika miaka ya 1990 magadi hayo yalipoanza kuuzwa India, waliokwenda kushtaki hawakuwa wanunuzi. Walikuwa wazalishaji wa ndani, na kilichowauma ni bei ya chini. Tume iliyohusika na ukiritimba wakati huo ilitoa zuio, lakini mwaka 2002 Mahakama Kuu Kabisa ya India ililiondoa, kwa kuwa sheria ya wakati huo haikuipa tume mamlaka juu ya mapatano yaliyofanywa nje ya mipaka. Afrika Kusini nayo ilivutana na chombo hicho hicho kwa miaka mingi hadi kesi ilipomalizwa kwa makubaliano mwaka 2008.

Kwangu mimi kisa hicho kina mambo mawili yanayoishi pamoja bila kupatana. Umoja wa wauzaji ni hatari kwa mnunuzi, hata kama leo unauza kwa bei ya chini, kwa sababu kesho unaweza kuipandisha. Wakati huo huo, kiwanda cha ndani kinacholilia ulinzi hakilii kwa niaba ya mlaji. Chama chenu kikisimama na mmoja wao bila kuhoji, kitakuwa kimeazimwa jina lake.

Naongeza jambo la fedha, ingawa najua halipendezi. Kazi ya biashara ya kimataifa mara nyingi hugharamiwa na wafadhili wenye misimamo yao. Mkipokea fedha kwa ajili ya utafiti wa ushuru, tangazeni aliyezitoa katika ukurasa wa kwanza wa maoni yenu. Mkificha, siku jambo hilo likijulikana hata yale malalamiko ya bili za maji hayatasikilizwa tena.

Mchangiaji wa tatu

Ndugu zangu, mada hii inanigusa, na naomba nijibu wale wanakamati wanaoamini kwamba masuala ya ushindani yako mbali na mtu wa kawaida.

Mwishoni mwa mwaka 2006, wasambazaji wa mikate katika jimbo la Rasi ya Magharibi, Afrika Kusini, waliona kwamba kampuni kubwa za kuoka mikate zilikuwa zinapandisha bei na kupunguza punguzo lao kwa wakati mmoja. Hawakuwa wachumi. Walikuwa watu wanaobeba mikate alfajiri na kuiuza kwa faida ndogo, wakaona faida hiyo imeliwa siku ile ile na kila muuzaji waliyemwendea. Walipeleka malalamiko yao kwa Tume ya Ushindani. Kampuni moja ikajisalimisha na kueleza yaliyopangwa ili isamehewe adhabu. Nyingine, Tiger Brands, ikakubali mwaka 2007 kulipa faini ya karibu randi milioni 99. Na Pioneer Foods, iliyoamua kupambana, ikatozwa randi milioni 195.7 na Baraza la Ushindani mwezi Februari 2010.

Uchunguzi huo ulianza kwa watu wa chini kabisa kwenye mnyororo wa biashara kusema kwamba siku fulani jambo fulani lilitokea kwa wote kwa pamoja. Ndugu katibu, angalia daftari lako kwa jicho hilo. Malalamiko ya bei kupanda hayana thamani yakiwa mojamoja. Yakipangwa kwa tarehe, na ikaonekana kwamba wauzaji wanaodai kushindana walipanda ndani ya juma moja bila gharama zao kubadilika, hiyo ni dalili ambayo mamlaka ya ushindani inaweza kuanzia uchunguzi.

Lipo hata hivyo pengo lililonisikitisha katika kesi ile. Faini huenda serikalini. Aliyenunua mkate kwa bei ya njama harudishiwi chochote kwa faini peke yake. Mashirika ya kijamii yalilazimika kwenda mahakamani kuomba walaji waruhusiwe kudai fidia kwa pamoja, na ni mwaka 2012 ndipo Mahakama Kuu ya Rufani ya nchi hiyo ilipoweka masharti ya madai ya kundi la namna hiyo kuruhusiwa. Kama sheria ya nchi yenu haina njia ya walaji kudai kwa pamoja, pelekeni pendekezo hilo pia, kwa maana hakuna mtu atakayefungua kesi kwa sababu ya tofauti ya bei ya mkate mmoja.

Mfano wa pili nitautaja kwa ufupi. Mwezi Septemba 2002, watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi na watetezi wao walipeleka kwa tume hiyo hiyo malalamiko dhidi ya kampuni za GlaxoSmithKline na Boehringer Ingelheim kuhusu bei za dawa. Mwaka mmoja baadaye tume ilitangaza kuwa imeona ushahidi wa kutumia vibaya nafasi yao sokoni, na mwezi Desemba 2003 kampuni zikakubali kutoa leseni kwa watengenezaji wengine. Watetezi wale hawakusubiri yaishe mazungumzo ya kimataifa kuhusu hataza, yaani haki ya mvumbuzi wa dawa kuwazuia wengine wasiitengeneze. Walitafuta kifungu katika sheria ya ushindani ya nchi yao, wakakitumia.

Kuhusu muungano, kuna mambo ambayo chama kisicho na mchumi kinaweza kuiambia mamlaka kwa uhakika. Waelezeni wanunuzi wenu hukimbilia wapi bidhaa ya kampuni ya kwanza inapopanda bei. Wakikimbilia kampuni ya pili, basi muungano unaondoa kimbilio lenyewe. Waelezeni ni maeneo gani ambako kampuni hizo mbili ndizo pekee zinazofikisha bidhaa. Takwimu za soko la nchi nzima huyaficha maeneo hayo.

Mwanzisha mada

Nawashukuru nyote kwa moyo wa dhati. Jana jioni tulikaa na daftari letu, na nasikitika kusema kwamba malalamiko mengi ya nyuma yana jina la mlalamikaji na kiasi cha fedha tu, bila tarehe ya ununuzi wala eneo. Hata hivyo tumepata kurasa kadhaa zinazohusu bidhaa hiyo, na katika kurasa hizo wanunuzi wa maeneo mawili wanazitaja kampuni hizo mbili tu. Je, tupeleke kidogo tulicho nacho, au tuombe muda?

Mchangiaji wa kwanza

Fanyeni yote mawili. Pelekeni mlicho nacho ndani ya muda waliowapa, mkieleza wazi ni kurasa ngapi, za kipindi gani, na nini kinakosekana, kwa sababu maoni yanayofika baada ya uamuzi hayana kazi. Kisha ombeni kusikilizwa kwa mdomo, na katika kipindi cha kusubiri wapigieni simu walalamikaji wa maeneo hayo mawili, mkianza na swali lile alilolitaja mchangiaji wa tatu: bei ya kampuni moja ikipanda, wao hununua wapi? Yaandikeni majibu yao kwa maneno yao wenyewe, pamoja na tarehe, lakini majina yabaki kwenu mpaka wenyewe waridhie yatajwe.

Na daftari jipya lichorwe safu za tarehe na eneo kuanzia kesho asubuhi, kabla ya mlalamikaji wa kwanza kuingia.