Chanjo ya Zuhura na mama yake kabla ya safari

Zuhura: Shikamooni wakubwa wangu. Viza zetu zimetoka, na mimi na mama tunaondoka baada ya siku 12. Je, chanjo ya homa ya manjano inaweza kusubiri hadi wiki ijayo, nikishamaliza kufunga mizigo?

Shangazi Rehema: Marahaba mwanangu, hongereni sana. Chanjo isisubiri hata kidogo. Cheti chake huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchomwa sindano, kwa hiyo ukichanjwa kesho utabakiwa na siku moja tu ya akiba. Mizigo hufungwa hata usiku wa mwisho.

Mjomba Hamisi: Msikilize shangazi yako, kwa maana mwaka 2009 nilichanjwa siku 6 tu kabla ya safari, nikiamini kwamba kuwa na kadi kunatosha. Afisa wa afya uwanjani aliweka kidole juu ya tarehe, akahesabu kimyakimya, kisha akanirudishia pasi na kuniomba nisimame pembeni. Ndege yangu iliruka nikiitazama dirishani.

Salim: Pole sana, mjomba. Lakini huko wanakokwenda akina Zuhura hakuna homa ya manjano, sasa wanadaiwa cheti cha nini?

Shangazi Rehema: Salim, kinachoangaliwa ni mahali msafiri anakotoka na alikopitia. Nchi yenye mbu wanaoweza kueneza virusi, lakini ambayo virusi vyenyewe havijafika, ndiyo yenye sababu kubwa ya kujikinga. Zipo nchi zinazomdai cheti hata abiria aliyesubiri ndege nyingine kwa zaidi ya saa 12 katika uwanja wa nchi yenye ugonjwa. Zuhura, someni masharti ya nchi mnayokwenda, kisha mwangalie tiketi zenu mjue mtasubiri wapi na kwa saa ngapi.

Mama Zuhura: Wifi, mimi nimetimiza miaka 66 na sijawahi kupata chanjo hiyo. Tena natumia dawa za baridi yabisi.

Shangazi Rehema: Ahsante kwa kulisema mapema, wifi yangu, maana hilo ndilo linalonitia wasiwasi kuliko tarehe. Chanjo hii ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na kwa aliyevuka miaka 60 anayechanjwa kwa mara ya kwanza, daktari hupima kwanza kama faida inazidi hatari. Baadhi ya dawa za baridi yabisi hupunguza kinga ya mwili, hivyo zibebe zote na pakiti zake. Daktari akiona huwezi kuchanjwa, atakuandikia barua ya kukuondolea sharti hilo, lakini ubalozi uulizwe kama barua hiyo itakubaliwa, kwa kuwa uamuzi unabaki kwa nchi inayokupokea.

Mjomba Hamisi: Na kadi yangu ya zamani, iliyoandikwa kwamba inaisha baada ya miaka 10?

Shangazi Rehema: Tangu tarehe 11 Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha, hata kilichotolewa zamani, kwa hiyo kitunze. Zuhura, kabla hujaondoka kwenye dirisha la chanjo hakikisha jina lako limeandikwa kama lilivyo kwenye pasi, na kwamba tarehe, namba ya bechi, sahihi na mhuri vyote vipo.

Zuhura: Nimeelewa, shangazi. Kesho asubuhi nitampeleka mama kwa daktari, nami nichanjwe hapohapo. Dawa zake nimeshaziweka kwenye mkoba pamoja na pasi zetu mbili.