Makuta ya likelemba: Nvidia ao Intel? Chati zinatosha?

Mweka-Hazina wa Himbi: Jamani, nisaidieni kabla ya Jumapili. Likelemba yetu hapa Goma, kikundi cha kuchanga makuta (pesa), ina watu 11, kila mmoja ametoa dola 100, na ndugu yangu wa Ubelgiji yuko tayari kutununulia hisa. Tumegawanyika. Wengine wanataka Nvidia, kampuni ya Marekani ya chipu za kompyuta. Wengine wanataka Intel, nayo ya chipu, kwa kuwa ilianguka, ikaanza kuinuka 2025, na serikali ya Marekani imechukua karibu 10% yake. Nimekesha usiku mbili na chati. Nvidia ilipoteza nusu ya bei yake mwaka 2022, kisha 2023 ikapanda zaidi ya mara tatu. Intel ilipoteza karibu 60% mwaka 2024, ikasimamisha gawio (faida wanayogawiwa wenye hisa), na Novemba ya mwaka huohuo Nvidia ikachukua nafasi yake katika Dow Jones, orodha ya kampuni 30 kubwa za Marekani. Ninatazama RSI ya siku 14 (kipimo cha kasi ya bei, toka 0 mpaka 100) na wastani wa bei za siku 50 na 200. Vipimo hivi vinatosha kuamua juu ya makuta ya watu?

Mwana wa Birere: Chati hazidanganyi. RSI ikipita 70, uza. Ikishuka chini ya 30, nunua. RSI na MACD, kipimo kingine cha mwendo wa bei, zote alizileta mtu mmoja, Wilder, na zinafanya kazi toka miaka ya 70. Watu wanapenda kuongeza maneno kwenye kitu chepesi.

Yaya Ndosho: Kadogo, RSI ndiyo ya Wilder, 1978. MACD ni ya Gerald Appel. Na hiyo kanuni yako ya 70 ingekutoa sokoni mapema sana. Tarehe 25 Mei 2023 Nvidia iliruka 24% kwa siku moja baada ya kutoa hesabu zake. RSI ilikuwa imepita 70 mbali, na bado Juni ilifunga bei ikiwa juu zaidi. Kile kipimo kinakueleza kasi, hakikuelezi safari inaishia wapi. Na Intel je? Ni chati gani ilikuonyesha kwamba serikali ingeingia mwezi wa nane 2025?

Mwana wa Birere: Usiniite kadogo, hunijui. Nilijifunza chati kwa simu yenye kioo kilichopasuka, nikinunua mega za intaneti za siku moja moja. Ninasema ninachokijua. Chukua 27 Januari 2025: Nvidia ilianguka 17%, karibu dola bilioni 600 zikayeyuka kwa siku moja kwa sababu ya DeepSeek, akili bandia ya Wachina. Ile ndiyo ilikuwa siku ya kununua. Aliyelala siku ile asije leo kuuliza habari za hisa.

Mama Sambaza: Aliyelala? Wewe unaandika kutoka Goma kweli? Tarehe 27 Januari 2025 ndiyo siku waasi wa M23 waliingia mjini. Nililaza watoto watatu chini ya meza, magodoro tumeyasimamisha dirishani. Umeme hakuna, maji hakuna. Yule mdogo alikuwa anahesabu mabomu kwa vidole, akifika kumi anaanza upya. Na wewe unatuambia tulilala.

Mwana wa Birere: Mama, pole. Mimi nilikuwa Majengo, na wiki ile tulizika jirani. Nilikuwa nasema soko, sikuwa nasema watu wa Goma. Lakini kuniuliza kama natoka Goma kumeniuma.

Mama Sambaza: Basi pima maneno kabla ya kuyatoa. Na bado sijamaliza. Baada ya siku ile mabenki yalifungwa. Makuta yangu ya kuuza sambaza (samaki wadogo wa ziwani), miaka minne, yako ndani ya benki moja ya hapa, mkononi nimebaki na kitabu tu. Kila nikisikia "weka makuta mahali fulani yazae", tumbo linakatika.

Mtoto wa Masisi: Ninyi wote mnaizunguka habari yenyewe. Koltani, madini ya Rubaya huku Masisi, inatolewa metali ya tantali, tantali inaingia ndani ya kapasita (vipande vidogo vya kutunza umeme) za simu na kompyuta. M23 wanaishika Rubaya tangu Aprili 2024. Halafu sisi ndio tunachanga dola tukainue kampuni zilezile? Hata serikali yetu imeishtaki Nvidia huko Ulaya.

Yaya Ndosho: Si Nvidia, ni Apple. Desemba 2024, Ufaransa na Ubelgiji. Apple walikana, wakasema wamewaagiza wauzaji wao waache kununua madini ya Congo na Rwanda.

Mtoto wa Masisi: Apple, Nvidia, kwetu ni mlango mmoja. Baba yangu alichimba. Vumbi jeusi lilikuwa halitoki kwenye kucha zake, hata siku ya misa. Na wakisema wameacha kununua, nani anamlisha yule aliyebaki shimoni? Usinisahihishe jina la kampuni ukaacha hilo.

Mwana wa Birere: Simu unayoandikia ina tantali. Itupe ziwani basi.

Mtoto wa Masisi: Simu ninaifanyia kazi. Hisa ni kukaa mezani na kula faida. Hujaona tofauti?

Mweka-Hazina wa Himbi: Ndugu zangu, Jumapili inakuja na sina jibu. Yaya, mwenzetu mmoja anashikilia kwamba Intel ni rahisi kwa kuwa bei ya hisa yake moja ni ndogo kuliko ya Nvidia.

Yaya Ndosho: Hapo anafananisha bei ya kikombe na bei ya ndoo. Juni 2024 Nvidia iligawanya hisa moja kuwa kumi. Bei ya moja ikashuka, mali ya mwenye nazo ikabaki ileile. Ukitaka kulinganisha kwa haki, chukua tarehe moja, kila kampuni ianze na 100, uone kila moja imefika wapi. Kisha tazama ilivyoanguka katikati: iliyoshuka 50% inadai kupanda 100% ili irudi ilipokuwa. Na hata kampuni nzuri inakuchelewesha. Cisco, kampuni ya vifaa vya intaneti, ilifika kilele Machi 2000, na bei ile haikupitwa mpaka Desemba 2025. Aliyenunua kileleni alingoja miaka 25 ili bei irudi pale aliponunulia.

Mama Sambaza: Miaka 25? Mweka-Hazina, mimi ndiye namba 7 katika daftari lako. Unitoe. Nilikubali kwa sababu ulisema ni kama benki, na benki nimeshaiona.

Mweka-Hazina wa Himbi: Mama, sikujua ni wewe. Ni kweli nilisema "kama benki", na nilikosea. Dola 100 zako nitakuletea Alhamisi soko la Virunga.

Mwana wa Birere: Basi mko kumi. Nvidia ao Intel?

Mweka-Hazina wa Himbi: Tumebaki wanane. Wawili wengine wamenipigia sasa hivi. Jumapili tutapiga kura kwanza kama makuta yatoke Goma ao yabaki.

Mama Sambaza: Na iwe noti nzima, papa. Iliyopasuka pembeni hakuna anayeipokea sokoni.